Mishale Mifupi ya Manseba

Tangu juzi sikai. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta ufagio, nikishika ufagio nasahau nilitaka kufagia wapi. Binti yangu ananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Namwambia funguo. Funguo ziko shingoni mwangu.

Ni mkono wa mjukuu wangu ulionifanya hivi. Alirudi kutoka kwenye mchezo wao mpya wa kupiga upinde, mchezo ulioletwa na vijana fulani wenye filimbi, na upande wa ndani wa mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kifundo, ngozi imekuwa rangi ya bilinganya. Nikamuuliza nani alimpimia upinde. Akacheka.

"Kaku, hakuna kupima. Pinde iko tatu, siye tuko kumi na moja. Kila muntu anangoja zamu yake."

Kumi na moja kwa pinde tatu! Mrefu na mfupi, mwenye nguvu na mwenye kukohoa, wote mti mmoja, kama ndugu waliorithi kiatu. Nikampaka mawese ya moto mahali palipovimba. Sasa harufu ile, mawese juu ya ngozi iliyoumia, ndiyo iliyonirudisha kambini kwa Manseba, na tangu hapo miguu yangu haitaki kutulia.

Ninyi wenzangu mliokulia kambini hapa Likasi hamhitaji kuelezwa. Nyumba za matofali mekundu mstari kwa mstari, bomba moja la maji kwa milango kumi, king'ora cha kiwanda kikitutuma shule. Shule mimi nilikwenda miaka mitatu kwa masista, halafu mdogo wangu akazaliwa, nikaambiwa nibaki nimbebe. Nilimbeba mpaka mgongo ukawa na umbo lake. Lakini hayo ni mengine.

Manseba, kwetu watu wa Kasai, ni ndugu wa mama. Huyu wetu alikuja kwa treni, na sanduku la bati, na kuku aliyemfia njiani. Hakumtupa. Alishuka naye, akampa mama ampike. Baba yangu alimwangalia yule kuku, akasema, "Shemeji ametuletea zawadi ya maiti." Mama hakucheka. Ndivyo walivyoanza wale wanaume wawili, na wakaendelea hivyohivyo.

Alipata kazi Kakontwe, kuvunja mawe ya chokaa. Jioni alirudi mweupe: nyusi nyeupe, kope nyeupe, mpaka masikio ndani. Mimi nilidhani Wazungu wanaanza hivyo, kwamba mtu akifanya kazi siku nyingi anageuka polepole, na nilikuwa nikimchungulia kila asubuhi akioga nione kama rangi imekubali kutoka. Alilala katika jiko la nje, kati ya gunia la makaa na baiskeli ya baba.

Msidhani alikuwa mtu wa busara. Aliiba sukari. Alikuwa mwongo wa kuwinda pia. Nyati aliyemuua ujanani aliongezeka mapembe kila juma, na siku moja Kalonji, kaka yangu, alimuuliza kama nyati yule hakuwa mti. Lakini kwenye upinde Manseba hakuwa na mzaha. Hapo alikuwa kama padri kwenye altare, hata mate alimeza kwa adabu.

Mchezo wetu mnaukumbuka. Unakata gurudumu kutoka shina la mgomba, mmoja analivingirisha kwa nguvu, na watoto waliopanga mstari wanalipiga mishale linapopita. Mwaka ule, kwenye sikukuu ya parokia, mtaa wetu ulikuwa ushindane na mtaa wa juu. Wavulana wote walitaka, na mimi nilitaka kuliko wao. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na Kalonji kumi na tatu, mikono yake imerefuka ghafla kama ameivaa ya kuazima. Wavulana walinichokoza bombani: "Utapiga kuku ya mama yako, weye!" Nikawajibu kwamba kuku ya mama ina akili kuliko wao. Manseba akasikia. Akasema, "Huyu naye atakuwa kwa mstari."

Basi akaanza kutupima, mbele ya jiko, siku ya posho, jua likiwa bado la asubuhi. Kalonji alikwisha kupimwa mapema. Halafu mimi.

"Simama. Nyoosha mikono mbele, viganja vikutane. Kama muntu anaomba, lakini Mungu wake iko mbali."

Nikanyoosha. Akaweka bua la mshale kwenye mfupa wa kifua changu, akalilaza juu ya mikono, akahesabu vidole vinne kupita ncha za vidole vyangu, akakata. Kak! Nikalitazama. Lilikuwa fupi. La Kalonji lilikuwa refu kwa shibiri nzima na zaidi.

"Manseba, yangu imekatika mbaya."

"Imekatika kama mukono yako."

Kisha upinde. Alinipa mti uliofungwa kamba ya kujaribia, akanifanya nivute na nishikilie wakati yeye anaimba wimbo mmoja mpaka mwisho. Mkono ulipotetemeka akachukua ule mti, akauparua kwa kisu, akanirudishia. Nikatetemeka tena. Akauparua tena. Kila mara upinde wangu ulizidi kuwa mwembamba, na kila mara Kalonji alizidi kutabasamu. Baada ya hapo akafunga kamba yenyewe, ya ngozi ya mbuzi, akaweka ngumi kati ya kamba na mti, kidole gumba kimesimama, kuona kama nafasi inatosha. Akanifunga kipande cha mpira kwenye mkono, mpira mweusi wa ule mkanda unaobeba mawe kiwandani, ili kamba isinichune. Mpira ulinuka grisi. Mpaka leo nikinusa grisi mkono wangu unajinyoosha wenyewe.

"Sasa fanya tundu na mikono. Niangalie pua kupitia tundu ile." Nikamwangalia. Akapiga ulimi. "Weye unaona na jicho la kushoto. Utavuta kamba na mukono wa kushoto."

Kalonji akaanguka chini kwa kicheko. "Mukono ya choo!"

"Jicho haiko na choo," Manseba akasema, wala hakuinua kichwa. "Akivuta na ya kulia, jicho na mushale zitagombana."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ubaya wangu ulipozaliwa. Nyumbani nilikuwa nikipigwa nikishika bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto. Mwiko ule wa mama naujua uzito wake. Halafu mtu mzima anasema nitasimama mbele ya parokia nzima nivute kwa kushoto, na upinde mwembamba kama utambi, na mishale mifupi kama vijiti vya kuchokolea meno. Nikasema moyoni: huyu ananifanya kichekesho. Ameniingiza kwenye mstari ili watu wacheke. Mapenzi yake yote ameyaweka kwenye mishale ya Kalonji. Hakuna aliyeniambia kwamba kupunguza ni kuhifadhi. Labda aliniambia. Mtoto akishakasirika, masikio yanabaki kama mapambo.

Siku ileile baba alirudi kutoka kiwandani, alikokuwa fundi wa mitambo, na uzi wa waya uliofumuliwa kutoka kebo kubwa. Alikuwa na furaha, kitu ambacho hakikuwa cha kila siku. "Shemeji, tupa ile ngozi ya mbuzi. Hii ndiyo kamba."

Manseba akaupitisha uzi katikati ya vidole, akaurudisha kwa mikono miwili. "Asante, shemeji. Lakini waya haivutike. Mutoto akiachilia, nguvu yote inarudi kwa muti, na muti itapasuka kwa uso yake."

"Kiwanda chote kinaning'inia kwa hii waya! Na weye muntu wa kuku ya maiti unasema haifai?"

Jirani yetu, kapita, msimamizi wa zamu ya baba, alikuwa ukingoni mwa ua. Akapiga kofi kwa kicheko: "Fundi, umeshindwa na muntu wa porini!" Baba aliukunja ule waya, akauweka mfukoni, akaingia ndani. Kile kicheko hakukisahau.

Turudi kwenye mishale. Manseba aliifunga ya Kalonji uzi mwekundu karibu na manyoya, yangu uzi wa buluu. Siku moja kabla ya sikukuu, mchana, mama yuko sokoni, nilikaa nyuma ya choo na mafungu yote mawili. Nikafungua nyuzi kwa meno. Mwekundu nikauhamishia kwenye mifupi, buluu kwenye mirefu. Nilifunga vizuri, hilo najisifu mpaka leo, na najichukia. Kalonji alipoitazama mishale "yake" akakunja uso.

"Mbona imekuwa mifupi?"

"Manseba amepunguza," nikamwambia. "Anasema mufupi njo inaruka mbio."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Mimi sikuwa mwongo wa kujulikana bado.

Siku ya sikukuu, Manseba alikuwa amezuiliwa kazini Kakontwe mpaka saa sita. Alituambia asubuhi, akiwa na nyundo begani: "Musianze bila minye. Lazima nione kamba na mishale, moja moja." Lakini misa ilikwisha mapema, mtaa wa juu wakaanza kuimba kwamba tunaogopa, na nyie mnajua watoto wakiimbiwa kwamba wanaogopa. Tukapanga mstari. Kalonji wa kwanza, mimi wa nne.

Gurudumu likaja likirukaruka. Kalonji akavuta. Nilimwona akivuta, na mpaka leo naona jinsi alivyovuta vizuri, kifua wazi, kiwiko juu, kama alivyofundishwa, mpaka mwisho wa mkono wake mrefu. Na ncha ya ule mshale mfupi ikarudi nyuma, ikapita mti wa upinde, ikaanguka kwa ndani, juu ya ngumi iliyoshika. Akaachilia.

Mshale haukwenda popote. Uliingia kwenye ile nyama ya kidole gumba, ukatokea upande wa pili. Kalonji hakulia. Alisema tu, "Ee?" kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona. Gurudumu likaendelea kuvingirika mpaka ukutani, hakuna aliyelifuata.

Manseba alifika wakati baba anambeba Kalonji kwenda kwa daktari. Alikuwa mweupe wote kwa chokaa, anapumua kwa mbio. Niliona macho yake yakitafuta mshale.

Walimrudisha Kalonji na mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Na mshale baba alirudi nao pia, umekatwa vipande viwili, damu imekauka. Akauweka juu ya meza. Watu wakajaa uani. Kule kambini jambo halikuwa na mlango. Nikasikia mama mmoja anasema, si kwa sauti ndogo: "Lakini miye niliona. Muntu anapima mutoto wa mwenzake na bua, kifua, mikono. Njo vile banapima muntu wa sanduku ya maiti."

Mnajua neno kama hilo linavyokwenda. Mpaka jioni lilikuwa limefika bombani, na lilipotoka bombani Manseba alikuwa tayari mchawi.

Baba akamwita. "Shemeji. Mushale ilikatwa na nani?"

"Na minye."

"Ilipimwa na nani?"

"Na minye."

Manseba akachukua vile vipande viwili, akaviunganisha, akavilaza juu ya mkono wake mwenyewe. Akaangalia ule uzi mwekundu. Alikuwa na namna yake ya kufunga fundo, mara tatu, mkia ndani. Mimi nilikuwa nimefunga mara mbili. Akainua macho, akaniangalia. Si kwa muda mrefu. Akaviweka mezani taratibu, akakubali, "Njo vile, shemeji."

"Siku ya posho ukuwe umeondoka kwa nyumba yangu. Na nitaita wazee wa kwetu, na nitawaonyesha hii mushale, na watu wa Kasai wote wa hapa watajua."

Kuondoka ni kitu kimoja. Lakini mtu wa Kasai akikataliwa na wenzake mji huu, zamani zile, alikuwa anarudi wapi? Hapewi moto, hapewi chumvi, akifa hakuna wa kumchimbia. Nililijua hilo hata nikiwa na miaka tisa.

Siku nne zilibaki. Nilikwenda bombani mara sita kwa siku, na ndoo yenye maji tayari. Nilihesabu matofali ya ukuta. Nilimbeba mdogo wangu bila kuombwa, nikamshusha, nikambeba. Kila mara nilipofungua mdomo kusema, uliingia upepo tu. Manseba alikuwa akikaa kwenye mlango wa jiko, hafanyi kitu. Hata sukari hakuiba. Mama alimpelekea chakula bila kumwangalia, machozi yanadondoka kwenye mboga ya sombe.

Siku ya posho, wanaume wako foleni ya unga, alitoka na sanduku lake la bati kichwani. Nikamfuata. Hakugeuka mpaka tulipovuka reli.

"Unaenda wapi, weye?"

"Na weye?"

"Kakontwe. Kuko kibanda ya bachimba mawe. Wakinikubali."

Nikasema, "Manseba."

Akashusha sanduku, akalikalia. "Uliuma uzi na meno," akasema. "Niliona alama. Minye siko na meno madogo vile."

Nikaanza kulia kwa nguvu. Hakuninyamazisha. "Juu ya nini haukusema?" nikamuuliza, eti mimi ndiye wa kumuuliza yeye! "Juu ya nini haukumuambia baba?"

"Nikisema minye, ni mukubwa anasukumia mutoto. Nani atanisadiki? Mama yako mwenyewe hatanisadiki." Akafuta vumbi kwenye sanduku kwa kiganja. "Nilikuwa nakungoja. Siku ine nilikaa pale kwa mulango ya jiko, nakungoja."

Akaliinua sanduku, akaenda. Nimeishi miaka mingi, nimezika mume na watoto wawili, na watu wamenitukana matusi ambayo siyasemi hapa. Hakuna neno lililonipiga kama lile.

Nilirudi nikikimbia, ndala moja ikabaki relini. Baba alikuwa amerudi na mfuko wa unga, anakula. Kalonji kando yake, anakula kwa mkono mzima. Mama amesimama.

"Baba, mushale ni yangu."

"Mushale gani?"

"Ile. Ni ya minye. Nilibadilisha nyuzi."

Baba akaacha kutafuna. "Nani amekufundisha kusema vile? Umetoka kwa yeye, sawa? Amekutuma?"

Ilikuwa kama Manseba alivyosema. Hata neno langu lilionekana limetoka mdomoni mwake. Nikaenda kwenye kabati ambako baba alikuwa ameficha vile vipande, nikavitoa, akapiga kelele niviache. Sikuviacha. Nikaviunganisha, nikaweka mwisho wa manyoya kwenye mfupa wa kifua changu, nikanyoosha mikono, viganja vikutane. Mshale ukalala pale. Ukapita ncha za vidole vyangu.

Baba alikuwa fundi. Maisha yake yote alitazama vyuma vinavyoingia na visivyoingia. Akaosha mkono. Akaja karibu, akahesabu: kidole kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akauchukua mshale, akamgeukia Kalonji. "Nyoosha." Kalonji akanyoosha, na kitambaa chake cha hospitali. Mshale uliishia kabla ya kufika hata kwenye viganja.

Nilingoja kofi la baba, halikuja. La mama lilikuja, tena na mwiko, na sikukwepa. Kalonji aliniangalia tu, akasema, "Uliniambia mufupi njo inaruka mbio." Kile kidole gumba chake hakikujikunja tena vizuri, mpaka alipooa mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati, na siku nyingine alikuwa anakataa, anakwenda kazini kifua wazi.

Baba alichukua baiskeli akaenda Kakontwe. Alirudi peke yake. Manseba alikubali kuja kula siku ya Mungu, kulala hapana. Na hakulala kwetu tena mpaka alipokufa, hilo nalo nililifanya mimi, lisirembwe.

Lakini ile siku ya Mungu alikuja. Watu wametoka misa, bombani kumejaa, kapita na mke wake wako palepale, yule mama wa maneno ya sanduku pia na ndoo yake. Manseba alisimama ukingoni mwa ua kama mgeni, kofia mkononi. Baba akatoka nje. Tulidhani atamkaribisha mezani. Akavua koti la misa, akanipa nishike. Akasimama katikati ya ua, yule mtu mkubwa, mwenye tumbo na masharubu, akanyoosha mikono mbele, viganja vikutane.

"Shemeji," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka bombani, "nipime."

"Kwa nini, shemeji? Weye na upinde wapi na wapi?"

"Nipime, nimesema. Kifua, mikono, yote, vile ulipima watoto."

Ndoo moja ilikuwa inamwagika, hakuna aliyefunga maji. Manseba alikaa kidogo bila kujua aweke wapi kofia yake. Mwishowe akampa Kalonji. Akatafuta bua nyuma ya jiko, akalisafisha kwenye suruali, akaja akaliweka kwenye mfupa wa kifua cha baba.

"Shemeji," akamwambia polepole, "usipumue. Utaniharibia kipimo."

Na baba akaacha kupumua.